Shoka Moja, Kazi Zote
Louis Leakey alipogundua eneo la kale la Kariandusi mwaka 1928, alikuta mashoka ya mkono ya mawe: chombo kimoja cha kuchuna, kukata na kuchimba. Mafundi wa mashoka yale hawajatoweka, wamefungua duka la dawa kando ya barabara ya Nakuru. Leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu imetundikwa ukutani. Mwenye jina lililoandikwa humo hajawahi kuonekana. Muuzaji anapima presha, anadunga sindano, anashona kidonda na, Desemba ikifika, anatahiri. Umekohoa? Antibayotiki, nusu dozi, maana una shilingi 50 tu. Mgonjwa akizidiwa ndipo “daktari” hukumbuka mipaka ya kazi yake:
“Mama, huyu mkimbize hospitali ya Gilgil. Mimi huuza dawa tu.”