Picha ya Kuonwa Mara Moja

Kwenye sherehe ya kupamba huku Pwani, simu haiingii. Mlangoni huketi mama mmoja na kikapu chake, na hata ukimwapia kuwa yako ni kabambe isiyo na kamera, atataka aikague mwenyewe. Ndani mabuibui yamevuliwa, nywele zimeachiliwa, na hakuna anayetaka kesho aamke akute shingo yake inazunguka kwenye magrupu ya Ukunda.

Ilipofika zamu ya dadangu, shida ikawa nyanya. Goti lilimkatalia kutoka Msambweni, naye akaapa halali mpaka amwone bi harusi. Halati akapata dawa: mpiga picha, mwanamke mwenzetu, apige moja, itumwe WhatsApp kwa ile njia ya kuonwa mara moja. Njia hiyo ilikuja 2021: ukishaifungua picha na kuifunga, imekwenda. Mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa hata kuipiga skrinishoti kutazuiwa. Halati alitueleza haya kama wakili, tukaridhika.

Sasa, mafundi wa mambo haya hudhani kila simu ina mwenyewe. Simu ya nyanya ni ya mtaa. Jirani hupokelea pesa humo, mjomba huitoa namba yake kwa wanaomdai, na alasiri humilikiwa na mjukuu wa gredi ya pili anayetafuta gemu. Huyo ndiye aliyeifungua picha. Akaitazama weee, akaifunga kwa adabu, akampelekea nyanya simu. Nyanya akavaa miwani, akakuta imeandikwa tu kwamba imeshafunguliwa.

"Haya, umeona nini?"

Mtoto akaanza. Hina na piko mpaka viwikoni. Asmini kichwani. Na nyuma ya bi harusi, halati kajifunga leso, shavu limejaa sambusa.

Alipoona anasikilizwa, hakunyamaza tena. Alisimulia dukani alikotumwa chumvi, akasimulia madrasa, akawasimulia bila kuulizwa wazee waliokuwa wakinywa kahawa barazani. Kufikia isha, hakuna mwanamume pale mtaani aliyeiona picha, na hakuna asiyejua habari za sambusa.

WhatsApp yenyewe huonya kwamba mtu anaweza kuipiga picha hiyo kwa kamera nyingine. Habari za mtoto mwenye kumbukumbu hawakuziandika.

Halati hajatuzungumzisha mpaka leo. Nyanya hana lalamiko. Harusi ijayo, asema, tusipoteze bando: mjukuu apandishwe matatu mapema, akalishwe mbele, aangalie vizuri.