Chumba cha Pili Kulia

Shemeji yangu alipohamia Dodoma kikazi, chumba chake, cha pili kulia ukiingia kwa mlango wa barazani, kilibaki na kitanda kitupu na kabati lisilo na nguo. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ni nyumba ya Kiswahili kama nyingi za mtaa ule: baraza mbele, korido inayokata nyumba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ua wenye jiko, bomba, bafu na choo. Mwenye nyumba ni mama mkwe wangu, na ndiye aliyekata shauri. "Chumba kisicholaliwa huzaa panya," alisema. "Kipangishwe. Dawa zangu za presha na madaftari ya wajukuu vipate pa kutokea."

Mume wangu alitaka tumtafute dalali. Mama akakataa, maana dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja akaenda zake, akakuachia mtu ambaye hata yeye hamjui. Habari ikatolewa kwa majirani, sokoni na kwa mjumbe. Haukupita muda akaja mwanamke mmoja, Msambaa wa Mtae, muuza juisi na maji baridi stendi. Alipiga hodi, akavua viatu barazani, akapiga goti kumwamkia Mama. "Marahaba, mwanangu," Mama akaitika, na pale pale nikajua chumba kimepata mtu.

Tulipatana shilingi 40,000 kwa mwezi, alipe miezi mitatu mbele. Wenye nyumba wengi hudai miezi sita, wengine mwaka mzima, na hakuna wa kuwazuia: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo masharti ni yale watakayokubaliana watu wawili. Mume wangu akaandika karatasi, mjumbe akatia saini ya shahidi. Kiasi kiliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Kuhusu umeme na maji, karatasi ilisema tu kwamba tutachangiana.

Alikuwa mpangaji mwema. Zamu yake ya kufagia ua haikumpita, choo alikiacha kikavu, na Mama alipobanwa na kifua usiku yeye ndiye aliyechemsha mchaichai kabla sijaamka. Watoto walimwita anti. Kisha siku moja guta likasimama nje likiwa na friza ya kulala, nyeupe, ndefu kama kitanda cha mtoto. Vijana wanne waliibinua ubavu ndipo ikapita mlangoni.

Biashara mpya ilikuwa barafu za rozela. Jioni alichemsha yale maua makavu kwa tangawizi na iliki, akayachuja, akakoroga sukari mpaka ikayeyuka, akaachia yapoe. Kisha alikaa kwenye kibao cha mbuzi uani, akamimina juisi kwenye vifuko vyembamba vya nailoni kwa kikombe chenye mdomo, akifunga fundo moja moja kwa mkono. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyoiva, na ndiyo iliyowavuta watoto. Bei shilingi mia.

Mtaa mzima ukaanza kupita ndani kwetu. Friza ilikuwa chumbani kwake, chumba kimo koridoni, basi mteja aliingia kwa mlango wa mbele. "Hodi, barafu!" Saa nane mchana, wakati mtoto wetu mchanga ndiyo kwanza amelala, "Hodi, barafu!" Baada ya madrasa wakaja kumi kwa mpigo. Wadogo nisingewasema. Lakini nyuma yao wakaja kaka zao, vijana wenye ndevu, wakasimama koridoni na barafu mdomoni wakizungumza mpira. Korido ya nyumba ya Kiswahili ndiyo njia ya kutoka bafuni kwenda chumbani. Binti yangu wa kidato cha pili akawa anasubiri bafuni na kanga yake imelowa mpaka wanaume waondoke. Nililisema mara moja, nikalisema tena. Mama naye alikuwa amekwisha kuwa upande wa pili: mchana mpangaji yuko stendi, chumba amekiacha wazi, Mama ameketi mlangoni pake anapokea mia mia, anatoa barafu na kuhifadhi fedha kwenye pindo la kanga. Tangu afiwe na mumewe sikuwahi kumwona amechangamka hivyo. Nilikuwa nashindana na biashara, na pia na furaha ya mzee.

Kisha mita ikasema. Ukinunua umeme wa LUKU, bei inategemea daraja. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inakaa D1, uniti moja shilingi 100. Inayozoea kuvuka hapo huhamishiwa T1, uniti shilingi 292. Ongeza asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, unapata takriban 122 na 356. Sisi tulikuwa watu wa uniti 60: taa, redio, televisheni, pasi, jokofu dogo. Hizo ni kama shilingi 7,300 kwa mwezi. Friza ikaleta uniti nyingine kama 60, tukavuka, tukahamishwa. Uniti 120 kwa bei ya T1 ni zaidi ya shilingi 42,000. Ongezeko lilikuwa kama 35,000, na kodi ya chumba ilikuwa 40,000. Mpangaji alikuwa akichangia 5,000 kwa moyo mweupe, akiamini anatoa zaidi ya nusu, kwa sababu tulipomtajia bili ya nyumba siku ya kwanza, hiyo 7,300 ndiyo aliyoisikia.

Mume wangu alitaka kodi ipande mara mbili. Mama akasema kupandisha kodi kwa mtu aliyekuchemshia mchaichai ni kumfukuza kwa mkono wa kushoto. Tulichokubaliana ni sabmita. Fundi akaja akatenga waya wa chumba kile, akaweka mita ndogo koridoni juu ya mlango na breka yake pembeni, ili uniti zake zihesabike peke yake. Sote tuliona tumemaliza. Kumbe kutenga waya kulikuwa na maana nyingine: chumba hicho kingeweza kukosa umeme huku nyumba nzima inang'aa, na asijue mtu.

Ijumaa moja alasiri mpangaji akapigiwa simu kwamba mjomba wake amefariki Mtae. Basi la Lushoto lilikuwa linaondoka. Mama alikuwa kwa daktari pamoja nami, mume wangu kazini. Alimkuta mwanangu wa darasa la tatu barazani anachezea kifuniko cha chupa, akamwambia: "Waambie wazazi wako nimekwenda msibani, nitarudi Jumatatu." Akafunga kitasa, akaondoka na funguo. Usiku ule kulipiga radi, taa zikacheza, breka ya chumba chake ikajikata. Jumamosi hatukumwona, wala hatukushangaa, kwa kuwa mara nyingi alitoka kabla ya alfajiri na kurudi baada ya isha. Watoto walipokuja kuuliza barafu, Mama akaona mlango umefungwa, akawaambia zimekwisha.

Alfajiri ya Jumapili Mama aliamka kutia udhu. Alikuwa na tochi ya simu. Mwanga ulipopita chini ya mlango wa pili kulia ukakuta utepe mwekundu umetoka chini ya ubao, umefuata mteremko wa sementi kuelekea uani, mpana kama kiganja mlangoni, mwembamba kama uzi mbele. "Mwanangu! Mwanangu, fungua!" Akagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Kimya. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, hata siku ya msiba wa mumewe.

Nilitoka mbio nikakanyaga maji yale. Yalikuwa baridi. Harufu ya tangawizi ilikuwapo, lakini nyumba ilikuwa na harufu hiyo tangu friza iingie, na pua haikutofautisha chochote. Mume wangu akapiga simu ya mpangaji: haipatikani. Majirani wakajaa, wanaume na misuli, wanawake na kanga kichwani; mmoja ameanza kulia, mwingine anauliza kama aliwahi kuwa na mume mwenye hasira. Mjumbe akafika. Akagonga mara tatu, akaita kwa jina, akatugeukia: "Uvunjwe." Seremala wa nyumba ya pili akaleta mtaimbo. Kitasa kikang'oka na kipande cha fremu.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mkeka umekunjwa. Ukutani kuna kibubu cha mbao na picha ya mama yake. Friza imenyamaza, kizibo chake cha chini kimelegea, na kutoka hapo juisi ya rozela inatiririka polepole. Tulipofunua, vifuko vilikuwa vimelala katika bwawa jekundu. Vilivyopasuka vilipoganda vilikuwa vimemwaga vyote, vya fundo dhaifu bado vinavuja. Mama akakaa chini palepale kwenye maji akasema alhamdulillahi mara nyingi. Ndipo mwanangu akatokea mlangoni anafikicha macho: "Mbona Anti amekwenda msibani? Aliniambia niwaambie."

Mtaa ulicheka siku nzima, na mimi nilicheka nao, kwa kuwa mtu tuliyemlilia yu hai. Lakini jambo lenyewe halikuwa limekwisha, na lililobaki ndilo linalonifanya niandike.

Jumatatu akarudi na vumbi la safari, akakuta mlango umeshikizwa kwa kamba. Alisikiliza habari yote amesimama. Kisha akasema maneno ambayo hatukuyatarajia: "Bibi, kuvunja siwalaumu. Mlinidhania nimekufa, na asiyevunja mlango wa maiti si jirani. Lakini mlipoona sipo, kwa nini watu walibaki humu? Mtaa mzima umeona kibubu changu. Umeona nguo zangu za ndani kwenye kamba. Mimi hapa sina kwingine pa kufunga." Wala hakupandisha sauti.

Alisema kweli. Sisi tulizoea kukiita chumba cha shemeji, na kwa kuwa tunapita mbele yake kila saa, tulikiona kama sehemu ya korido yetu. Kumbe kwa aliyelipa, ile hatua moja ndani ya kizingiti ndiyo nyumba yake nzima. Mwenye kupanga nyumba ya peke yake ana geti, ua na dirisha la mbele. Mpangaji wa ndani ana mlango mmoja tu. Ukiufungua mbele za watu umemtoa nje kabisa.

Mjumbe akatuketisha uani jioni ile, mkeka mmoja, wote sawa. Kitasa na fremu tukavibeba sisi, kwa kuwa sisi ndio tulioamua kuvunja. Barafu zilizoharibika akazibeba mpangaji. Ufunguo wa akiba ukatiwa katika bahasha, akaifunga na kuiandika jina lake juu ya gundi, akamkabidhi Mama. Haifunguliwi ila kwa moto, maji au maradhi, mbele ya mtu wa pili. Akisafiri ataaga kwa mtu mzima, au kwa ujumbe wa simu. Breka ya chumba chake tutaitazama kila jioni, na ikijikata tutairudisha. Na wateja wasiingie tena koridoni: kila siku kabla ya kutoka atazitoa barafu kwenye friza na kuzitia katika deli, deli likae barazani, Mama auzie hapo.

Umeme ndio uliochukua muda. Uniti 60 za mpangaji azilipe yeye, hilo halikuwa na mjadala: kama shilingi 21,400. Lakini uniti zetu 60 nazo zilikuwa zimepanda kutoka 7,300 hadi 21,400 kwa kuhamishwa daraja, na hatukuongeza hata taa moja. Hiyo 14,000 ni ya nani? Mume wangu alisema ni ya mpangaji yote. Mpangaji akasema hakujua kama kuna daraja, na karatasi haikumwambia. Mama ndiye aliyegawa: nusu kwa nusu, kwa kuwa mpangaji ndiye aliyeleta friza, na sisi ndio tuliotazama ikipita mlangoni bila kuuliza inakula kiasi gani. Kodi ya majengo, ile shilingi 1,500 inayokatwa kwenye LUKU kila mwezi, ikabaki juu yetu, maana hiyo ni ya mwenye nyumba. Mume wangu akaandika karatasi ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, na mahesabu ya sabmita husomwa kila mwisho wa mwezi mbele ya wote wawili.

Bado anaishi nasi. Analipa kama shilingi 28,400 ya umeme bila kunung'unika, kwa sababu anaisoma mita mwenyewe, na binti yangu anatoka bafuni wakati autakao.

Watu wa mtaa sasa huja kuniuliza kuhusu kupangisha chumba kilichobaki wazi, na karibu wote huanza na swali la bei. Ninawaambia bei ndiyo rahisi kuliko yote, kwa kuwa hiyo mtaitaja siku ya kwanza. Anayekodi chumba ndani ya nyumba unayolala anakodi pia sehemu ya korido, ya bomba, ya mita na ya usingizi wa wazee, na hivyo havitajwi mpaka vimeleta ugomvi. Kaeni naye mkeka mmoja kabla mzigo haujashushwa. Muulizeni anafanya kazi gani na kwa chombo gani, wageni wake watapita wapi, akisafiri atamuaga nani. Naye mwambieni mtakuwa na ruhusa ya kuugusa mlango wake lini tu. Hayo yakiandikwa, kodi iandikwe mwisho, na itakuwa ya haki kwa sababu kila mmoja atakuwa anajua analipia nini.