Namna ya Kuijibu Barua ya "Tunasikitika"

Barua ya kukataa dai la bima huanza kwa masikitiko. Waya wangu, shangazi yangu upande wa baba, alipoipata yake aliileta kwangu hapa Manyatta, Kisumu, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya Kiingereza kigumu, nikamfasiria: "Tunasikitika kukufahamisha..." Akanikatiza. "Wanasikitika? Basi si walipe!" Tangu siku hiyo naicheka barua hiyo waziwazi, na kicheko changu kina hasira ndani yake. Aliyeibiwa mkoba mara moja asiibiwe tena na karatasi.

Kwa hiyo ukiipata yako, usiichane wala usiifiche chini ya godoro. Hakuna hakimu aliyeiona. Imeandikwa na upande mmoja wa mkataba, nao ndio upande usiotaka kutoa pesa. Itie tarehe uliyoipokea, kisha utafute hati yenyewe ya bima.

Hapo wengi hukwama, kwa kuwa hati yenyewe hawajawahi kuiona. Tunanunua bima ya safari kwa sababu ubalozi umeidai. Nchi za Schengen humtaka mwombaji wa visa awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Kuhusu nguo zako hazina neno. Wakala anakupa cheti cha ukurasa mmoja, unakiambatisha kwenye maombi, unasahau. Sehemu ya mizigo iko ndani kabisa ya kijitabu ambacho hukupewa. Kiombe kwa maandishi. Katika barua hiyohiyo waulize wamekataa kwa kifungu gani, na wakuandikie maneno yake kama yalivyo. Wakishindwa kukionyesha kifungu, watakuwa wamekukataa kwa mazoea tu.

Kama mzigo ulipotelea mikononi mwa shirika la ndege, njia ni nyingine, tena pana. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama, unaliwajibisha shirika kwa mzigo uliopokelewa kaunta. Sanduku likifika limeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Zikipita siku 21 bila kufika, una haki ya kulidai kama lililopotea. Kiwango cha juu cha fidia, tangu Desemba 2024, ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha IMF, takriban dola 2,000, na kesi unaweza kuifungua ndani ya miaka miwili. Usiondoke uwanjani bila ile fomu ya mzigo uliopotea, hata kama tuktuk inakungoja nje.

Waya hakuibiwa na ndege. Alikuwa amekwenda Ujerumani kumwona mjukuu, na katika stesheni ya treni ya Frankfurt aliuweka mkoba kando ya mguu wake ili amfunge mtoto blanketi. Alipoinuka, mkoba haukuwepo. Kampuni ya bima ikasema mkoba "uliachwa bila uangalizi."

Neno hilo ndilo linaloua madai mengi, na hapo ndipo pa kusimama imara. Sisi tunajua kuangaliana mizigo. Kwenye stendi ya Kisumu unamwambia mama usiyemfahamu, "Niangalilie kidogo," unakwenda kununua maji, unarudi na kuukuta mkoba wako umewekewa leso juu usipate vumbi. Kwa kampuni ya bima, mama yule si mlinzi, na ukiandika kwenye fomu kwamba ulimwachia mtu, umelizika dai lako mwenyewe. Usidanganye hata chembe, maana uongo ukigunduliwa dai lote linakufa, na kwa haki. Ila eleza kwa hatua na kwa muda. Mkoba ulikuwa umbali gani na mwili wako? Mgongo wako ulikuwa upande gani? Ulipita muda gani kabla ya kuangalia tena? Waya alikuwa amesimama, mkoba unagusa kiatu chake, ameinama labda nusu dakika. Huko si kuacha. Kama kuangalia maana yake ni kutopepesa macho, basi hakuna binadamu anayeangalia mzigo wake, na kampuni inauza kinga isiyoweza kumfaa yeyote. Niliandika hivyo, kwa maneno hayohayo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 iko upande wako hapa: neno la mkataba likiwa na maana mbili zinazokubalika, hufasiriwa kwa manufaa ya mtumiaji.

Sababu yao ya pili ilikuwa ripoti ya polisi kupatikana siku ya pili, ilhali hati ilitaka saa 24. Waya alikuwa amewaambia wafanyakazi wa stesheni palepale, kwa ishara na Kiingereza chake kidogo, na binti yake alikuwa na ujumbe wa simu wenye saa ya tukio. Tukaambatisha. Ukiibiwa hapa nyumbani ukielekea uwanjani, nenda kituo cha polisi cha Kondele au Central leo hii, uandikiwe namba ya kitabu cha matukio (OB), na uombe abstrakti ya polisi. Kesho utakuwa unajieleza, na kujieleza kunachosha.

Risiti nazo! Nani ana risiti ya nguo ya soko la Kibuye? Lakini una M-Pesa. Piga *334#, omba taarifa ya malipo, upigie mstari kila ununuzi. Tafuta picha umevaa kile kiatu. Muuzaji anayekujua akuandikie bei na tarehe, aweke sahihi na namba yake. Vilivyobaki viorodheshe katika hati ya kiapo mbele ya wakili anayeapisha. Andika bei uliyonunulia, usiongeze hata shilingi.

Wakishikilia msimamo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, pamoja na nakala za barua zote. Mwambie mkuu wa kampuni kwamba unafanya hivyo. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria imeipa siku 60 kuamua, wala hulazimiki kuwa na wakili. Kisumu ipo. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba, kwa hiyo usikae kimya kwa kuogopa Kiingereza.

Hatukufika huko. Baada ya barua yetu ya tatu kampuni ililipa simu, viatu na koti, ikakata kile kiasi cha kwanza ambacho hati inasema ni mzigo wa mwenye bima. Ilikataa kitu kimoja: mwiko wa kusongea ugali, aliokuwa akimpelekea binti yake aliyelalamika mwaka mzima kwamba vijiko vya huko vinavunjika. Hauna risiti, wakasema, wala thamani inayothibitika. Waya amekataa kuufuta kwenye orodha. Jana alikuja tena na karatasi yake, akaketi, akasema, "Andika ya nne."