Babu Aliyetoka Rangi ya Biringanya

Babu wa kwanza alitoka wa kijivu, kama mtu aliyelala kwenye majivu ya jikoni akaamshwa ghafla. Wa pili alitoka rangi ya biringanya. Kati ya hao wawili tulipoteza siku tatu, karatasi saba za picha, mega za intaneti za wiki nzima na amani ya nyumba.

Chanzo ni nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita Koko. Ukoo ulikuwa ukutane kwetu Baraka, huku ziwani, siku ya Jumapili kuzungumza mahari ya dada yangu, na Koko alikuwa ametoa amri: mume wake lazima awepo. Mume wake alikwisha kufa siku nyingi. "Awepo ukutani," alisema. "Ng'ombe hawahesabiwi mbele ya ukuta mtupu."

Picha ya Babu ni moja tu, ndiyo pekee iliyoteremka nasi kutoka Bibokoboko, milimani. Tulipohama huko juu kila mtu alibeba alichoweza, na Koko alibeba kitabu cha nyimbo na picha ikiwa katikati ya kurasa zake. Ukubwa wake haufiki kiganja. Babu amesimama mbele ya ua, kofia kichwani, fimbo mkononi, koti limefungwa vifungo vyote kana kwamba linakaguliwa. Nyuma yake kuna mlima na nusu ya ng'ombe, ile nusu ya mkia, maana mpiga picha hakuona sababu ya kumngoja ng'ombe ageuke. Koko anamjua ng'ombe huyo kwa jina hata kwa upande huo.

Kwetu kupiga chapa picha si jambo geni. Pembe moja ya sebule ni ofisi: kompyuta moja, skana, na printa ya wino wa chupa ambayo wazee waliosoma Kifaransa huiita imprimante. Sola mbili juu ya bati na betri moja ndizo zinazotupa umeme, na kazi zetu ni barua za shule, picha ndogo za kadi, na matangazo ya misiba. Mpwa wangu, aliyemaliza mtihani wa Serikali na sasa anangoja maisha yaanze, ndiye fundi. Alhamisi asubuhi alichanganua ile picha, akaisafisha mikunjo, akaikuza mpaka karatasi ya A4. Kwenye kioo cha kompyuta Babu alipendeza. Kisha akaitoa ile ya majivu.

Koko aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akaishika tena mbali.

"Huyu ni nani?"

"Ni Babu, Koko."

"Huyu si mume wangu. Huyu ameletwa na maji."

Basi kila mtu akawa fundi. Mke wangu alisema ni wino, kwamba nimenunua ule wa bei rahisi sokoni, na ni kweli niliununua, lakini sikuona haja ya kukiri mbele ya wageni waliokuwa wameshaanza kufika. Baba mdogo, aliyefika na redio yake kwapani, alisema ni karatasi. Mpwa alisema kichwa cha printa kimeziba. Akaamuru mashine ijisafishe mara mbili, nikawa nasikia wino wangu ukinywewa kwa sauti, krrr, krrr. Akatoa ukurasa wa majaribio: vistari vya njano, vyekundu-waridi, vya samawati na vyeusi vyote vimekamilika, hakuna hata kimoja kilichokatika. Printa haikuwa na kosa. Tulikuwa tumeisafisha bure.

Ijumaa mpwa akaniita nikae karibu naye. Programu ya picha, dirisha lake la kuchapisha, huuliza swali ambalo tumelipita kwa miaka yote bila kulijibu: nani asimamie rangi, printa au mimi? Kwa barua ya shule jibu halina maana. Safari hii mpwa, kwa kutaka picha ya heshima, alikuwa amejibu kwamba programu ndiyo isimamie. Programu ikamtaka ataje profaili ya printa, yaani faili dogo linaloeleza kwamba printa hii, kwa wino huu, juu ya karatasi hii, ukiiambia itoe nyekundu kiasi fulani itatoa nyekundu ya namna gani hasa. Akafungua orodha. Printa yetu haikuwemo. Yalikuwemo majina mengine, akachagua lile lililosikika kubwa.

Nilichelewa kuelewa, mpaka nilipofikiria kopo. Mama wa huku ziwani akisema kopo moja la unga, na mama wa huko milimani akisema kopo moja, neno ni hilo hilo, ila makopo si mamoja. Atakayepika bugali kwa kopo la mwenzake bila kuuliza atalisha watu uji. Rangi za kompyuta nazo ni hesabu tu: namba ya nyekundu, namba ya kijani, namba ya buluu, kuanzia 0 hadi 255. Namba ni zile zile. Kila mashine inazipima kwa kopo lake. Profaili ndiyo inayosema kopo la mashine hii lina ukubwa gani. Mpwa alichagua Adobe RGB, ambalo ni kopo pana. Programu ikapunguza namba ili zienee humo, printa ikazipokea ikidhani ni za kopo dogo la kawaida, rangi zikapooza. Ndipo akazaliwa Babu wa majivu.

Jina lile kwenye orodha lilikuwa na mwaka pembeni: 1998. Kopo la kawaida, lile linaloitwa sRGB, ni la 1996. Baba mdogo aliisoma miaka hiyo miwili kwa sauti, akanyamaza. Mtu wa huku kwetu Fizi hahitaji kuelezwa vita vya miaka hiyo. Wenzetu walikuwa wanakubaliana nyekundu iwe nyekundu gani. Sisi tulikuwa tunaulizana njia ipi bado inapitika.

Ila hakunyamaza sana. Mpwa alipotamka kwamba faili tunalolitafuta linaishia kwa herufi icc, mzee alizima redio.

"ICC? Ile ya The Hague?"

"Hapana, Babu mdogo."

"Iliyomfunga Lubanga?"

"Hii ni ya rangi."

"Rangi gani inapelekwa The Hague?"

Ilibidi nimweleze kwamba kabla ya mahakama ile kuanza kazi mwaka 2002, tayari tangu 1993 kampuni 8 za kompyuta na picha zilikuwa zimeunda jumuiya yenye herufi hizo hizo, ili kila mashine ieleze rangi zake kwa lugha ambayo mashine nyingine itaisoma. Alinisikiliza kwa adabu. Jioni nilimsikia akimweleza jirani kwamba kesi ya picha ya baba yake imefika mbali.

Sasa, profaili yetu ilipotelea wapi? Haikuibiwa. Miezi miwili nyuma kompyuta ilijaa virusi, kijana mmoja wa mjini akaifuta na kuipanga upya. Tuliporudi nyumbani tukachomeka waya wa printa, mashine ikaitambua yenyewe, barua zikatoka, tukafurahi. Kumbe ilijitafutia draiva ya jumla, ile inayojua kusukuma wino kwenye karatasi na basi. Draiva kamili ya mtengenezaji ndiyo inayokuja na mzigo wa profaili, moja kwa kila aina ya karatasi anayoiuza. Sahani yake ya CD tulikuwa nayo. Ilikuwa imetundikwa shambani kwa Koko, inawaka jua na kutisha ndege.

Nilinunua mega. Nikamwonya kila mtu. Faili lilikuwa zito, mtandao wa Baraka unapanda na kushuka kama upepo wa ziwani, na nusu ya mega iliondoka usiku kwa njia ambayo mpwa bado anasema haijui, ingawa asubuhi alijua matokeo ya mechi mbili za Ulaya. Nikanunua nyingine. Jumamosi saa nne draiva ikakaa. Kompyuta sasa ikawa inaonyesha printa mbili zenye jina karibu moja, kama pacha. Mpwa akafungua orodha ya profaili kwa mikono miwili, na mke wangu naye akaja kuangalia. Hakuna kitu.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, jambo ambalo sikulipenda, mbele ya shangazi watatu.

Kumbe programu ya picha ilikuwa imeachwa wazi tangu Alhamisi. Huwa inasoma orodha yake inapoamka. Ukiiletea wageni ikiwa macho, haiwaoni. Tena ilikuwa bado inazungumza na yule pacha wa zamani. Tukafuta pacha, tukaifunga programu, tukaifungua. Majina yakajipanga, kila moja na herufi za kifupi za karatasi yake mkiani. Na chini yao mpwa akatafuta jina jingine, hakuliona, akaguna.

"Unatafuta nini tena?"

"Ile ya Kigoma, Mjomba."

Rafiki yake wa ng'ambo ya ziwa, mwenye studio, alikuwa amemtumia profaili kwa WhatsApp tangu Alhamisi usiku. Ilikuwa imelala kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, kati ya nyimbo na picha za pikipiki. Aliibonyeza mara mbili, haikufunguka, akaiona mbovu. Faili la namna hiyo halifunguliwi kama picha: unalibonyeza kwa kitufe cha kulia na kuiambia Windows ilisakinishe, nayo inalipeleka kwenye folda iitwayo color, ndani ya drivers, ndani ya spool, ndani ya System32, chumba ndani ya chumba. Tukalisakinisha, likatokea kwenye orodha. Nikamkataza kulitumia. Lilipimwa kwa printa ya Kigoma na karatasi ya Kigoma. Kwetu lingekuwa kopo la jirani.

Tukachagua la kwetu, la karatasi ya kung'aa. Tukachapisha. Akatoka Babu wa biringanya.

Shangazi mkubwa aliuliza kama marehemu alikufa kwa kukabwa.

Nitakiri kosa hili ni langu. Mpwa alitaka kuingia kwenye mipangilio ya draiva, mimi nikamwambia asiguse. Draiva nayo ina tabia yake ya kupamba rangi, na isipoambiwa iache, inapamba. Programu ilikuwa imeshazigeuza namba kwa profaili, draiva ikazigeuza mara ya pili, kama mama mkwe anayeongeza chumvi kwenye chungu kilichokwisha kutiwa. Rangi zikaegemea uwekundu wa zambarau. Mpwa akaingia, akaweka "hakuna marekebisho ya rangi", na akagundua pia kwamba draiva ilikuwa inadhani tumeweka karatasi ya barua. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Betri ilikuwa imebaki taa mbili. Babu wa tatu akaanza kushuka taratibu, kofia kwanza, paji, macho. Uso ulikuwa uso. Sebule ikatulia. Kisha ubishi ukaanza upya, maana sasa printa ilikuwa inasema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ya picha iliyochoka. Wino wa picha hizo za zamani haufi kwa pamoja. Mara nyingi samawati hutangulia na picha ikabaki na wekundu. Na hata zilipokuwa mpya, picha hizo hazikututendea haki. Maabara nyingi za picha duniani zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Nyuso zetu zikatoka zilivyotoka, meno na macho. Kwa hiyo Babu alikuwa rangi gani? Baba mdogo alisema maji ya kunde. Shangazi mkubwa alisema mweusi wa kung'aa, kama yeye. Na koti? Kahawia, alisema mmoja. Kijani cha askari, alisema mwingine. Buluu, alisema mke wangu, ambaye hakumkuta hai.

Koko aliinuka akaingia chumbani. Tulisikia sanduku likiburutwa chini ya kitanda. Alirudi na kitu kimekunjwa ndani ya kitenge, akakiweka mezani juu ya kibodi, mpwa akainua mikono.

Lilikuwa koti. Vifungo vyote, pungufu kimoja. Siku tatu tulikuwa tunapigana juu ya rangi yake, nalo lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye printa.

"Koko, mbona hukusema?"

"Mliniuliza?"

Mabegani lilikuwa limepauka kama udongo mkavu. Baba mdogo akapeleka mkono, akageuza kola, na chini ya kola, mahali jua lisipofika, palikuwa na utepe mwembamba wa kijani kizito, kama majani ya chai mabichi. Harufu ya moshi ikapanda. Mpwa akaisogeza picha karibu na utepe ule, akatazama kioo, akatazama utepe, akaanza kuongeza kijani.

"Hapo," alisema Baba mdogo. "Hiyo ndiyo yenyewe."

"Hiyo ni ya siku aliyolinunua," alisema Koko. "Siku ya picha alikuwa amechunga nalo miaka sita. Rudisha."

Mpwa akarudisha kidogo. Koko akatikisa kichwa. Akarudisha tena. Taa ya betri ikawa moja.

"Na ng'ombe je?" aliuliza shangazi mkubwa.

"Ng'ombe mwache," alisema Koko. "Yule alikuwa rangi hiyo hiyo."