Jenereta la Baa

Nyumba yetu iko Sinza, nyuma kidogo ya barabara ya Shekilango, na anayeijua Sinza hahitaji maelezo zaidi. Kwa asiyeijua: mbele yetu kuna baa, nyuma kuna fundi wa kuchomelea mageti, kushoto kuna kanisa linalokesha kila Ijumaa, na kulia kuna kijiwe cha bodaboda, ambapo kijana mmoja ameitoboa ekzosi makusudi ili pikipiki yake ilie kama bunduki. Katikati ya hayo yote tuko mimi, mke wangu, watoto watatu, na kitanda cha futi sita kwa sita ambacho kwa miaka 12 nilikitumia zaidi kugeukageuka kuliko kulala.

Mke wangu yeye alishazoea vyote isipokuwa kimoja: jenereta la baa. "Hilo jenereta litaniua," alikuwa akisema asubuhi. "Linaanza saa sita ya usiku, linakohoa kama linataka kuzimika, ukishukuru Mungu tu, linawaka upya kwa hasira." Mara mbili nilikwenda kwa meneja wa baa kumlalamikia. Mara zote mbili aliapa kwamba hawana jenereta. Mara ya pili nilimtajia kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, nikamwonya kwamba nikifika NEMC, baraza la mazingira, asinilaumu. Aliniangalia kwa huruma, akaniagizia soda.

Madirisha yetu yalikuwa ya zamani, yale ya vipande vya vioo vinavyoinama na kunyanyuka kwa mkono mmoja wa chuma. Vipande viwili vilivunjwa na mtoto wa kwanza alipokuwa anajifunza kupiga penalti, tukaziba kwa boksi la biskuti. Kwa hiyo kelele hazikuhitaji kupenya. Zilikuwa zinakaribishwa.

Ndipo rafiki yangu aliyewahi kuishi Ujerumani akanisimulia habari za dirisha la vioo viwili. "Unafunga, treni inapita hapo nje, unaiona tu." Usiku ule niliiota treni ile.

Nikamtafuta fundi wa aluminiamu. Alipima, akanifafanulia kama mwalimu: kioo cha kwanza, nafasi ya milimita 12, kioo cha pili, pembeni kuna fremu nyembamba yenye chembe za kunyonya unyevu ili vioo visitoe jasho kwa ndani, kisha vinazibwa pande zote hewa isipite. Alipotaja bei nilimwomba arudie, na safari hii si kwa sababu ya kelele. Kwa fedha ile ningepata pikipiki iliyotumika na kujiunga na kijiwe. Nililipa.

Baadaye nikasoma kwamba vioo vya namna hii vilipewa hataza Marekani mwaka 1865, kwa jina la Thomas Stetson, na kwamba nchi za baridi zinavipenda kwa sababu vinatunza joto ndani. Vinatunza joto ndani! Maneno hayo nilikuwa nayasoma Januari, Dar es Salaam, madirisha yakiwa yameshafungwa na fundi ameshakula hela.

Lakini tuseme ukweli. Fundi aliposukuma dirisha la mwisho likajibana kwenye mpira wake, dunia ilizimwa. Bodaboda zilipita kama picha. Fundi wa mageti alikuwa anapiga nyundo na nyundo haisemi kitu. Watoto walikimbilia dirishani kutazama mtaa usio na sauti, kama televisheni iliyoharibika spika.

Besi peke yake ndiyo iliyokaidi. Fundi alikuwa ameweka vioo viwili vya unene uleule, milimita 4 kwa 4, na nafasi finyu kati yake; kumbe vioo vyepesi vilivyokaribiana hutikisika pamoja, mlio mzito ukapata njia. Sauti nyembamba zilibaki nje. Singeli ya baa ikaingia bila maneno, du-du-du, kama jirani anatwanga kisamvu chumba cha pili. Niliyavumilia hayo. Baa yenyewe ikifika saa sita huwa inapunguza.

Saa sita ikafika. Baa ikapunguza. Kimya kikatanda, na ndani ya kimya kile nyumba yangu ikaanza kusema. Friji lilikuwa linanguruma na kujikuna. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kama mtu mwenye madai. Bomba la jikoni lilikuwa linadondosha tone moja moja, na bila shaka lilikuwa linadondosha tangu mwaka juzi, nikimlaumu mtoa bili ya maji. Nikasinzia nikiyahesabu matone.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Mke wangu anasema alikuwa amelala kwa raha ambayo hajaipata tangu tuoane, ghafla akasikia jenereta la baa. Akaketi. Haiwezekani, dirisha limefungwa. Likakohoa, likataka kuzimika, likawaka upya kwa hasira. Akawasha tochi ya simu, akaifuata sauti hatua kwa hatua, mpaka ikamfikisha kwenye pua yangu.

Aliniamsha kwa kiwiko. "Mume wangu," alisema taratibu, "kesho nenda kamwombe radhi yule meneja."

Ningeishi na aibu hiyo, maana ilikuwa ya ndani ya chandarua. Tatizo lilihamia mtaani. Sikuwa nimejua ni mambo mangapi ya nyumba yangu yaliendeshwa na kelele. Gari la taka hupiga honi mara tatu na kuondoka; wiki tatu tulizika vichwa vya samaki uani usiku kama wahalifu. Muuza vitumbua aliita, akachoka, akahamia kwa wengine. Baba mkwe alikuja kutoka Korogwe bila taarifa, akapiga hodi nusu saa, na sisi tumo ndani tunakula wali. Alipotupigia simu alikuwa ameshakaribishwa kwenye kijiwe cha bodaboda, amepewa kahawa, ameelezwa tabia zangu zote.

Kubwa kuliko hayo ni la msiba. Mzee wa nyumba ya tatu alifariki usiku. Mtaa mzima ulisikia kilio, watu wakatoka na khanga na shuka, wakafunga turubai, wakakesha. Mimi nililala. Asubuhi nilitoka nimevaa shati la maua, napiga mluzi, nikapita mbele ya turubai na wazee wote waliokaa pale. Mluzi ulinikaukia midomoni. Nilisogea kwa mjumbe nikamnong'oneza kwamba sikusikia, nimeweka madirisha mapya. Nilidhani najitetea. Kufikia mchana habari ilikuwa imeuzunguka mtaa: yule bwana amejenga madirisha ili asitusikie.

Nilibeba magunia ya mkaa, nilichota maji, nilichimba kaburi zamu mbili, na bado bibi mmoja alinisalimia kwa kupaza sauti, kama mtu anayeongea na kiziwi.

Usiku wa tatu wa matanga umeme ulikatika. Kiyoyozi tulichonunua kujiokoa na yale madirisha ya nchi za baridi kikanyamaza, na ndani ya robo saa tulikuwa tunaiva kama ndizi zilizofunikwa. Nikasukuma dirisha. Mtaa ukaingia wote kwa pamoja: vikombe vya muuza kahawa, mbwa, bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa, watu wa matanga wakicheka kwenye bao. Nililala kabla sijavua shati. Mke wangu anasema nilikoroma sana, ila kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu haikumsumbua, kwa kuwa nilikuwa nimefunikwa.

Sasa dirisha la chumbani tunaliacha wazi kiasi cha shibiri moja. Shibiri ile ndiyo inayotuletea habari za mtaa na kuuficha mkoromo wangu, na imeyafuta mahesabu yote ya fundi, maana sauti ikipata upenyo haiulizi vioo viko vingapi. Madirisha mengine tunayafunga mchana, watoto wanapofanya kazi za shule. Hapo yanastahili bei yake.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiamua kuweka vioo viwili, mwambie fundi akuwekee vyenye unene tofauti, milimita 6 kwa 4, na aache nafasi pana kati yake. Kagua mpira kila kona. Mwachie mjumbe namba yako ya simu. Na kabla hujamshitaki mtu kwa jenereta, mwombe mwenzako akurekodi ukiwa umelala. Mimi yule meneja nilimwomba radhi. Soda ya safari hii nililipa mwenyewe.