Kijiweni: Nani Kachana Mkeka wa Dulla?

Tangu Jumatatu asubuhi kuna kideo kinazunguka kwenye magrupu ya mtaa huu. Kina sekunde sita. Mpira wa Kimarekani, ule wenye ncha mbili, uko hewani. Jamaa mwenye kofia ngumu anakimbia, ananyoosha mikono, mpira unaanguka hatua mbili mbele yake. Basi. Kwa sekunde hizo sita, watu ambao hawajawahi hata kuushika mpira huo wamegeuka majaji wa rufaa. Jumanne jioni kijiweni kwa Kombo kesi ilifunguliwa kabla dele halijachemka, na mlalamikaji ni nani tena kama si Dulla.

Dulla: Shikamooni wazee. Kombo, kahawa moja na kashata mbili, andika.

Kombo: Niandike wapi, yakhe? Ukurasa wako ulijaa, nikahamia kwenye jalada. Jalada nalo limejaa.

Dulla: Jana ningekulipa lote, wallahi. Mkeka wa timu nne. Tatu za Ulaya zimetiki, nikabakiza hawa Wamarekani. Dakika ya mwisho, wako nyuma pointi nne. Kwotabeki akatupa bonge la pasi, risiva yuko peke yake, mbele yake nyasi tupu. Akaikosa! Mkeka ukachanika pale pale.

Mwalimu Mstaafu: Kosa la risiva. Amepunguza mwendo, nimemwona kwa macho yangu.

Sudi Houston: Macho yapi, Mwalimu, na miwani huna? Kule kwetu Houston...

Fundi Mashaka: (bila kuinua uso kwenye cherehani) Naomba iandikwe kwamba Houston imetajwa kabla kahawa haijamiminwa.

Sudi: Kule kwetu Houston lawama ni za kwotabeki. Ndiye mwenye mshahara mnono, ndiye anayerusha. Pasi isipodakwa, inaharibu takwimu zake yeye. Na mpira ukigonga viganja vya mwenzake, ukaruka, ukadakwa na adui, bado unaandikwa kwenye hesabu ya aliyerusha. Risiva akiudondosha, ligi yenyewe haina hata takwimu rasmi ya mipira iliyodondoshwa. Kila mchambuzi anahesabu kwa jicho lake.

Fundi: Hiyo ni sheria ya mpira au ya ndoa?

Bi Mwanahawa: (akigeuza vitumbua) Nimekusikia, Fundi.

Fundi: Nilikusudia usikie.

Bi Mwanahawa: Basi na wewe sikia. Kwangu mimi narusha mwenyewe, nadaka mwenyewe, na pointi zikiingia anayepiga kifua ni baba watoto.

Mwalimu: Turudi kwenye hoja. Jambo hili ni la hesabu, mwanangu Dulla. Pasi ya yadi 50 ni kama mita 46. Hewani inakaa sekunde tatu hivi. Mkimbiaji mwepesi anakwenda mita tisa kwa sekunde. Maana yake mpira unapoondoka mkononi, huyo risiva bado yuko mita 20 na ushei kutoka pale utakapoangukia. Kwotabeki harushii mtu. Anarushia nyasi, akiamini mtu atafika. Sasa bwana huyu kageuza shingo mapema kuutafuta mpira. Ukigeuza shingo, miguu inapoa. Hizo hatua mbili zimepotelea hapo.

Sudi: Unapotosha umma! Kwa nini aligeuza shingo? Hakujua mpira unakuja wapi! Zile njia zina masharti. Akiona beki wa nyuma kabisa ni mmoja, kasimama katikati, yeye aambae na mstari moja kwa moja. Akiona wawili wamegawana uwanja, akate aingie kati. Na kwotabeki naye anawasoma mabeki wale wale, hapo hapo, huku anakimbizwa. Wakisoma sawa, mnaona mabao. Mmoja akihesabu beki mmoja na mwenzake akahesabu wawili, mpira unakwenda Tanga, mtu anakwenda Mbeya.

Fundi: Kama ile miwani.

Kombo akaacha kupepea mkaa. Wa kijiweni wanajua: neno hilo halitamkwi Sudi na Mwalimu wakiwa benchi moja.

Mwalimu: Usinianzishe, Fundi. Huyu bwana alinipigia simu mwenyewe. "Mwalimu, miwani yako imeshaondoka Houston." Nilikuwa nimepimwa macho, namba nimemtumia, nikakaa kusubiri. Mpaka leo gazeti nalisoma kwa kunyoosha mkono, na mkono wenyewe umeanza kuwa mfupi.

Sudi: Na mimi nilituma! Nilimpa mtu, akapanda ndege, akashuka hapa hapa Dar es Salaam. Ulitakiwa umpokee. Ulikuwa wapi?

Mwalimu: Ulisema Ijumaa!

Sudi: Ijumaa ya Houston!

Mwalimu: Ijumaa ina uraia?

Sudi: Nilirusha, hukudaka.

Mwalimu: Ulirusha kusikokuwa na mtu!

Fundi: Na aliyebeba?

Bi Mwanahawa akaanza kuhesabu vitumbua vilivyoko kwenye sinia, kimoja kimoja, kwa sauti.

Kombo: Aliyebeba si yule shemeji yake Bi Mwanahawa?

Bi Mwanahawa: Kombo, mkaa wako unazima.

Fundi: Mnaona sasa? Miaka yote hii wanagombana aliyetuma na aliyetumiwa. Wa katikati hajaitwa hata kutoa ushahidi. Dulla, hebu lete hicho kideo.

Simu ya Dulla ina ufa kutoka pembe hadi pembe, na ndani ya ufa kuna vumbi la kashata. Fundi akaifuta kwa kipande cha khanga, akashusha miwani yake, ambayo alijinunulia mwenyewe Kariakoo bila kusubiri ndege, akatazama. Akarudia. Akaomba kirudishwe nyuma.

Fundi: Rudisha nyuma zaidi.

Dulla: Nyuma zaidi hakuna, Fundi. Kinaanzia mpira ukiwa hewani. Waliokikata wamekatia hapo.

Fundi: Basi mmeletewa maiti mnaulizwa ugonjwa. Sudi, wewe si hulali? Ulitazama mchezo mzima?

Sudi: Wote. Ulianza saa tisa na dakika 20 usiku. Wakirudisha saa zao nyuma Novemba, hapa itakuwa saa kumi na dakika 20, na mke wangu kasema nitafute pa kuhamia.

Fundi: Sasa tueleze. Kabla mpira haujaondoka mkononi, kulikuwa na nini?

Sudi: (akikohoa) Kulikuwa na... Sikilizeni. Mbele ya kwotabeki kuna vibonge watano. Hao hawaruhusiwi kudaka pasi, kazi yao ni kuzuia tu. Wakizuia vizuri anapata sekunde mbili na nusu, tatu, atazame, achague, arushe. Siku ile kibonge wa kushoto kabisa aliteleza. Adui akapita kama mlango hauna komeo. Kwotabeki akarusha akiwa ameegemea mguu wa nyuma, na mtu amening'inia kiunoni.

Fundi: Kumbe! Na hilo umelikalia tangu saa kumi na moja jioni?

Sudi: Hamkuuliza. Mliuliza kwotabeki au risiva.

Dulla: Kwa hiyo mbaya wangu ni kibonge?

Mwalimu: Hapana. Hata akiwa kaningʼinia kiunoni, mpira ulikwenda. Ulizidi hatua mbili tu, na hatua mbili ni za miguu.

Sudi: Ni za mkono!

Ikabidi Kombo agawe kahawa ili watu washike kitu kingine kisichokuwa kola ya mwenzake. Mimi binafsi, kama mnataka kujua, nilikuwa upande wa kibonge. Mtu mwenye uzito ule, kazi usiku mzima, jina lake halitajwi mpaka ateleze.

Mwalimu: Lakini siku hizi wamedekezwa. Zamani nilipokuwa naona, nilisoma kwamba pasi ya mbele ilihalalishwa mwaka 1906, kwa shingo upande, baada ya msimu wa 1905 ambao vijana walikufa uwanjani kwa kurundikana na kusukumana. Na adhabu ilikuwa kali: pasi ikianguka chini bila kuguswa na mtu, mpira wanapewa wapinzani. Leo ikianguka, mnarudi pale pale mlipokuwa, mnajaribu tena.

Sudi: Majaribio manne kusogea yadi 10. Na hiyo ya Dulla ilikuwa ya nne, ya mwisho. Teke la pointi tatu lisingesaidia, walikuwa nyuma nne. Ilikuwa lazima arushe.

Kombo: Sasa angerusha fupi kidogo, risiva akasubiri, si angedaka?

Sudi: Ehee! Huyu Kombo ana akili kuliko mnavyomlipa. Pasi ikiwa fupi, risiva anakata breki, beki anayemfukuza anamparamia mgongoni kabla mpira haujafika. Hiyo ni faulo, na kule kwenye ligi kubwa mpira unapelekwa pale pale ilipotokea faulo, hata kama ni yadi 40 mbele. Kuna pasi mbovu zimelipa kuliko nzuri.

Fundi: Nilijua tu. Kila mahali kuna njia ya kulipwa kwa kazi mbovu.

Bi Mwanahawa: Mimi swali langu moja. Televisheni nzima, makamera yote yale, hawamwonyeshi huyo risiva alikuwa anafanya nini tangu mwanzo?

Sudi: Kamera ya runinga inafuata mpira, Bi Mwanahawa. Risiva akishakimbia mbele anatoka kwenye picha, unamwona tena mpira unapomfikia. Makocha wana picha yao nyingine, inachukuliwa juu kabisa jukwaani, wachezaji wote 22 wanaonekana. Wanakaa chumbani wanairudisha mara ishirini, ndipo wanamwita mtu.

Fundi: Wenye picha ya watu 22 wanairudisha mara ishirini. Sisi wenye picha ya mtu mmoja na nusu tumeshahukumu kabla ya chai ya asubuhi. Na si mpira tu. Matokeo ya mtihani yakibandikwa ukutani, wazazi wanasema walimu wavivu. Mwalimu hapa, enzi zake, alisema watoto wajinga.

Mwalimu: Sijawahi kusema wajinga. Nilisema wazito.

Fundi: Haya, wazito. Darasa limejaa mpaka wengine wanakaa dirishani, dawati moja watoto wanne, kitabu kimoja kinatembea kama mgeni wa arusi. Nani alikirekodi kideo hicho? Mtaro huu hapa mbele yetu. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa Bi Mwanahawa, mtaa unagawanyika: kosa la aliyetupa taka, hapana, kosa lake yeye aliyejenga kizingiti kifupi. Waliouchimba mtaro wakauachia katikati ya njia, mdomo wazi, wako wapi? Kwenye picha hawamo.

Bi Mwanahawa: Hapo umenena. Lakini taka alitupa Dulla.

Dulla: Shangazi! Yalikuwa maganda ya miwa tu!

Bi Mwanahawa: Maganda ya miwa ndiyo yaliyoingia kwangu na ndoo yangu ikatoka.

Kombo: Ndoo ile ya bluu? Mbona iko kwa Fundi?

Fundi: (akikanyaga cherehani kwa nguvu) Mjadala ni kuhusu pasi ndefu.

Hapo kikao kilivunjika vipande vitatu. Bi Mwanahawa alihamia kwenye ndoo. Mwalimu alimshika Sudi mkono akimchorea mchangani, kwa kijiti, mstari wa pasi iliyokwenda na mstari wa mtu aliyetakiwa kufika, na Sudi akafuta wote kwa kandambili akisema hivyo si ndivyo wanavyochora Houston. Dulla alibaki na simu yake.

Dulla: Wazee, niambieni basi. Kwotabeki, risiva au kibonge? Nataka nijue wa kumlaani.

Fundi: Dulla mwanangu, tuhesabu pamoja. Aliyerusha mshahara wake umeingia. Aliyekosa kudaka mshahara wake umeingia. Aliyeteleza naye umeingia. Wewe hukurusha, hukukimbia, hukuteleza, ulikuwa umelala, na ndiye peke yako uliyetoka pale na hasara.

Dulla: Sikuwa nimelala. Niliishiwa bando dakika ya tatu.

Fundi: Hata kuona hukuona?

Dulla: Nilifuatilia kwa namba. Kideo nimekiona asubuhi kama nyinyi.

Kombo: Kahawa mbili sasa. Na kashata nne.

Dulla: Andika, Kombo. Jumapili wanacheza tena, timu ile ile, odi safari hii nzuri kweli. Nimeshaiweka.

Mwalimu: Umemweka risiva yule yule?

Sudi: Na kwotabeki yule yule?

Dulla: Hao hao. Kibonge ndiye mpya.

Kesi imeahirishwa mpaka Jumanne. Msomaji mwenye picha inayoonyesha watu wote 22, ailete kwa Kombo kabla ya saa nne usiku, akishafunga hafungui. Na anayejua shemeji yake Bi Mwanahawa anaishi wapi siku hizi, amnong'oneze Mwalimu; lakini asimwandikie, maana hataona.