Ving'amuzi Mbio, Simu Kesho

Mxiuu! Mama wa parachichi kaitoa simu sikioni, kaitazama kama inamdai. Alikuwa anaongea na tajiri wake wa Nairobi. Wamesalimiana, wameulizana habari za mvua ya Rungwe, na salio likakata kabla hawajafika kwenye bei ya kilo.

"Mpigie WhatsApp, mama," kijana wa bodaboda akarukia.

"Intaneti yake inakatikakatika, mwanangu. Kilo zangu zitaoza nikisubiri."

Kijiwe chetu cha Mwanjelwa, Mbeya, kikawaka. Maana wenzetu hili walishalimaliza. Tangu mwishoni mwa 2014, Kenya, Uganda na Rwanda walianzisha Eneo la Mtandao Mmoja: dakika ya kumpigia jirani isizidi senti 10 za Dola, kupokea simu ukiwa ugenini iwe bure. Sudan Kusini ikaungana nao, na wakati huo hata uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa haijaupata! Sisi waasisi wa Jumuiya, Arusha ndiyo makao makuu, miaka ikakatika tuko kwenye mashauriano.

"Mitambo nayo ina mambo yake," akasema mwalimu mstaafu, Mhehe wa Iringa aliyehamia huku.

"Shikamoo mwalimu, lakini hapo sikubali," fundi simu akamjibu bila kuinua kichwa. "Celtel waliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006. Ulivuka Namanga na laini yako, ukapiga kama uko kwenu. Mitambo ipi tena?"

Na tusisingiziwe kwamba sisi ni wazito wa kutii kanuni. Dunia ilikubaliana kule Geneva mwaka 2006 kwamba televisheni za analojia zizimwe kufikia 17 Juni 2015. Afrika Mashariki ikajitia kiherehere, ikajipangia Desemba 2012. Nani alitii? Sisi! Dar es Salaam ilizimwa 31 Desemba 2012, na zamu ya Mbeya ikapangwa 30 Aprili 2013. Watu waliuza mahindi wakanunue king'amuzi, la sivyo waangalie chenga. Kenya walikwenda mahakamani, wakavutana wee, mitambo yao ikaja kuzimwa Februari 2015. Sisi tukapewa pongezi. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikazima simu bandia, na hapohapo kijiweni kuna waliobaki wameshika vipande vya plastiki.

Sasa mimi naona hivi. Kanuni ikimtaka mwananchi aingie mfukoni, inatekelezwa kwa tarehe na saa. Ikitaka kampuni au hazina ipunguze mapato yake, inaundiwa kikosi kazi. Mwaka 2013, uleule wa ving'amuzi, ulifungwa mfumo wa TTMS wa kuhesabu simu zinazoingia kutoka nje ya nchi, na Serikali ina mgao wake humo. Sasa simu ya Nairobi ikihesabiwa kama ya jirani, mgao huo utatoka wapi?

Mwalimu hakukubali kushindwa kirahisi. Alisema fedha za mawasiliano ndizo zinazopeleka minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na kule kwao milimani bila mnara huo wangekuwa wanapanda kilele kutafuta mtandao. Hoja nzito, sikatai. Ila mkulima wa nyanya wa Ilula anayeuza Kenya naye anachangia barabara, anachangia kila kitu, halafu anachangia tena kwenye kila "haloo".

"Kwani na Zambia vipi?" dereva wa lori akauliza. "Mimi nalala Tunduma siku tatu nasubiri kuvuka, laini yangu ya hapa nikivuka nayo inanila hadi mfupa."

Tukamweleza kwamba Zambia na Malawi hawamo Afrika Mashariki, wale tuko nao SADC, na SADC ina vikao vyake.

"Vingine?!" Akafyonza, akaenda kununua laini ya Zambia.